Bresi au alaina? Meno yametokeza, kliniki mbili zimenipa majibu mawili

Swali: "Nina miaka 27. Nimezaliwa na kukulia Usa River, sasa nafanya kazi benki Arusha mjini. Meno yangu ya juu na ya chini yametokeza, midomo haikutani mpaka niikaze, na ya chini yamebanana. Kliniki ya kwanza imesema nivae alaina, zile trei za plastiki angavu, kwa miezi tisa bila kung'oa jino. Ya pili imesema bresi kwa miaka miwili na zaidi, na ning'olewe magego madogo manne. Alaina ni karibu mara mbili ya bei ya bresi. Kazini nakaa mbele ya wateja siku nzima, ndiyo maana naogopa nyaya. Halafu nina madoa ya kahawia ya maji ya kwetu. Nichague lipi, na madoa je?"

Jibu:

Dada, kabla ya kifaa itazame kazi yenyewe. Kliniki ya kwanza imekuahidi kunyoosha meno palepale yalipo. Ya pili imepanga kuyarudisha nyuma ili midomo ifunge bila kukazwa. Ni kazi mbili tofauti, na ndiyo sababu miezi, bei na suala la kung'oa vimeachana kiasi hicho. Ukilinganisha plastiki na chuma tu, utakuwa kama abiria anayelinganisha nauli za mabasi mawili bila kuuliza yanakwenda wapi.

Tuanze na nafasi, maana meno yaliyobanana hayanyooki mpaka yapate pa kukaa. Kwa mtu mzima nafasi hupatikana kwa njia tatu za kawaida. Moja ni kupanua upinde wa meno, yaani kuyasukuma nje kuelekea mashavu na midomo. Nyingine ni kusugua pembeni mwa meno kwa ukanda mwembamba wenye chenga za almasi: kati ya jino na jino hutolewa milimita 0.2 hadi 0.5, hivyo kwenye meno sita ya mbele, yenye maungio matano, unapata milimita mbili na nusu ukijitahidi sana. Ya tatu ni kung'oa. Gego dogo lina upana wa takribani milimita 7. Likitoka moja kila upande, taya moja limepata milimita 14.

Sasa tuseme meno yako ya chini yamebanana kwa milimita 5. Kwa kuyanyoosha tu, kusugua na kupanua kidogo kunatosha. Lakini kila milimita moja ya kuyarudisha meno ya mbele nyuma inakula milimita mbili za nafasi, moja kulia na moja kushoto. Kuyarudisha milimita 4 ni milimita 8, ukijumlisha na zile 5 za kubanana unafika 13. Hakuna msasa wa kutoa nafasi hiyo. Hapo ndipo yalipotokea yale magego madogo manne, mawili juu na mawili chini. Huondolewa hayo kwa sababu yako katikati ya safu, jirani na meno yanayotakiwa kurudi, na gego dogo lililo nyuma yake linashika kazi yake ya kutafuna vizuri.

Kwa mdomo kama unavyoueleza, mpango wa miezi tisa bila kung'oa una mwisho unaotabirika. Meno yatanyooka huku yakisogea mbele kidogo. Ukipigwa picha ya mbele utapendeza. Ukigeuka upande, midomo itakuwa pale ilipo au imetokeza zaidi. Si utapeli. Ni huduma halali kwa mtu ambaye utokezaji haumsumbui, na wako wengi. Lakini kama kliniki hiyo haikutaja midomo hata mara moja, rudi ukawaulize swali moja: "Mwisho wa trei hizi, meno yangu ya mbele yatakuwa yamesogea mbele au nyuma, na kwa milimita ngapi?" Programu inayochora mpango wa trei inayo namba hiyo kwa kila jino. Wakikwepa kuitaja, umeshapata jibu.

Uamuzi wa kama utokezaji ni tatizo ni wako. Meno ya juu na ya chini kutokeza pamoja ni jambo la kawaida kwa Waafrika, na vipimo vingi vya wasifu wa uso vinavyofundishwa katika fani hii vilitokana na nyuso za Wazungu. Daktari makini hakupimi kwa mstari wa kitabu halafu akakuambia una kasoro. Hali kadhalika mwanya: kama unao na unaupenda, sema kabla mpango haujachorwa, kwa sababu mpango wa kawaida huuziba.

Picha zinazotakiwa

Zinahitajika eksirei mbili. Ya taya zima inaonyesha mizizi, kimo cha mfupa, magego ya mwisho na meno yaliyojificha. Ya fuvu kwa upande inaonyesha pembe ya meno ya mbele na jinsi taya la juu linavyokaa juu ya la chini. Bila hiyo ya pili hakuna anayeweza kukuambia kwa uhakika kama kilichotokeza ni meno au taya lenyewe, na tofauti ya taya ikiwa kubwa, bresi na alaina zote mbili zina ukomo. Hapo mazungumzo huhamia kwenye upasuaji. Kliniki inayotoa bei ya kurekebisha utokezaji kwa kutumia skana ya meno peke yake imeruka hatua.

Eksirei ya taya zima ina faida nyingine kwa waliokulia Tanzania au Uganda. Inafichua athari za "meno ya plastiki", ule utaratibu wa kumkwangua mtoto mchanga fizi anapoharisha au kushikwa na homa. Kinachotolewa huwa ni mbegu ya chonge ya utotoni, na chonge ya kudumu iliyo jirani yake huweza kuharibika. Miaka ishirini baadaye mtu anakuta chonge moja haipo au imeota imelemaa, na katikati ya meno kumehamia upande mmoja. Daktari akiliona hilo, orodha ya meno ya kung'oa inabadilika.

Kabla ya yote hayo, fizi. Mtu mzima anatakiwa apimwe kina cha mifuko ya fizi, aondolewe ugaga, na damu ikome kutoka anapopiga mswaki. Kusukuma jino lenye fizi iliyovimba ni kuharakisha kupotea kwa mfupa wake, kwa kifaa chochote kile.

Chuma na plastiki vinasukuma tofauti

Jino husogea kwa sababu mfupa unaolizunguka unaliwa upande mmoja na kujengwa upande mwingine, pale msukumo mdogo usiokoma unapobana tishu laini iliyo kati ya mzizi na mfupa. Mwendo wake hauzidi sana milimita moja kwa mwezi, na hauongezeki kwa sababu kifaa ni ghali. Nguvu kubwa haiharakishi kitu: huleta maumivu, na hatari ya ncha ya mzizi kuliwa na kufupika.

Bresi zinafanya kazi kwa waya. Waya wa kwanza ni mwembamba, mara nyingi inchi 0.014, wa nikeli na titani. Ukiupindisha unang'ang'ania kurudi kwenye umbo lake, na katika kurudi unayavuta meno. Miezi kadhaa baadaye unafika kwenye waya mnene wa mstatili wa chuma cha pua, kama 0.019 kwa 0.025. Pembe za waya huo zinabana kwenye mfereji wa braketi, kile kipande kidogo kinachogandishwa juu ya jino, na hapo ndipo daktari anapopata uwezo wa kuuamuru mzizi wa jino. Kabla ya hapo anachoinamisha ni taji tu, sehemu ya jino inayoonekana mdomoni. Hatua hii ndiyo inayokuhusu wewe.

Alaina inashika taji peke yake. Kila trei imetengenezwa kwa umbo ambalo meno yako yatakuwa nalo hatua moja mbele, kwa kawaida robo milimita kwa jino, na inavaliwa wiki moja hadi mbili kabla ya kubadili. Kwa kuwa jino ni laini na plastiki inateleza, daktari hugandisha vinundu vidogo vya komposi, ile plastiki ngumu ya kuzibia meno, kwenye meno kadhaa ili trei ipate pa kushika. Wengi hawaambiwi habari ya vinundu mpaka siku ya kuwekewa. Vinaonekana kwa karibu, hasa kwenye meno ya mbele, na trei ikivuliwa vinakwaruza midomo siku za mwanzo.

Kazi zinazoifaa alaina zipo, tena nyingi: msongamano mdogo usiozidi milimita 4 hivi, mianya midogo, upinde uliobana kidogo, meno yaliyowahi kunyooshwa utotoni yakarudi kwa sababu ritena, kifaa cha kuyashikilia baada ya matibabu, iliachwa. Inasumbuka kuzungusha jino la mviringo kama chonge au gego dogo la chini, kuvuta jino fupi lishuke, na kusogeza mzizi sambamba na taji lake kwenye pengo pana. Utafiti uliopima alaina za chapa ya Invisalign mwaka 2009 ulikuta kwamba wastani wa mwendo uliotimia ulikuwa asilimia 41 ya ule uliochorwa kwenye kompyuta. Marudio ya mwaka 2020, plastiki ikiwa imeboreshwa, yalikuta asilimia 50. Maana yake si kwamba trei hazifai. Maana yake ni kwamba ile video ya meno yakijipanga kwenye skrini ni mpango, na karibu kila mgonjwa huchukuliwa skana tena katikati ya safari na kutengenezewa trei za nyongeza. Uliza kama bei yako inahusisha hizo za nyongeza, na ni awamu ngapi.

Kwenye pengo la gego lililong'olewa, kasoro ya plastiki inajionyesha vizuri. Trei inapita juu ya pengo la milimita 7 bila kitu cha kuishikilia, inalegea na kupinda. Meno ya mbele yanainama kwa nyuma badala ya kurudi yamesimama, hivyo ya juu yanashuka na kuyafunika ya chini kupita kiasi. Magego ya nyuma yanainamia kwenye pengo. Pengo limezibika juu, mizizi imeachana chini. Wapo madaktari hodari wanaofanikisha kazi hii kwa alaina, lakini mara nyingi wanamalizia kwa miezi kadhaa ya bresi, na mgonjwa analipa mara mbili.

Kwa hiyo, kama lengo lako ni midomo kufunga, bresi. Na swali la kumwuliza daktari wa pili liwe juu ya nanga: atazuiaje magego ya nyuma yasisogee mbele? Katika kuvutana, meno ya mbele yanarudi na ya nyuma yanakuja, na kila milimita ambayo gego limekuja mbele ni milimita ambayo midomo yako haikurudi. Kazi inayotaka nafasi yote itumike kwa meno ya mbele huhitaji skrubu ndogo za titani, urefu wa milimita 6 hadi 8, zinazowekwa kwa ganzi kwenye mfupa kati ya gego dogo la pili na gego kubwa la kwanza. Inasikika vibaya kuliko inavyouma. Baadhi hulegea na kurudiwa mahali pengine. Asiyekuwa na jibu kuhusu nanga anaweza kukung'oa meno manne, akaziba mapengo, na ukabaki na midomo ileile.

Muda wa miaka miwili na zaidi nao una hesabu yake. Miezi 5 hadi 7 ya kunyoosha mpaka waya mnene uingie, miezi 8 hadi 12 ya kuziba mapengo, miezi 4 hadi 6 ya kurekebisha mizizi na mkutano wa meno: jumla miezi 17 hadi 25, na zaidi braketi zikidondoka. Ahadi ya miezi 12 kwa kazi hii usiipokee.

Madoa yako yanaingia kwenye hesabu

Jambo ambalo pengine hakuna aliyekuambia: madoa ya kahawia ya floridi, yale madini ya kwenye maji ya kwenu, yanaathiri bresi na alaina kwa pamoja. Braketi hugandishwa kwa kuipaka enameli, tabaka gumu la nje la jino, asidi ya fosforasi ya asilimia 37, sekunde 15 hadi 30, kisha gundi inapita kwenye vitundu vilivyofunguka na kukaushwa kwa taa ya bluu. Enameli iliyokua kwenye maji yenye floridi nyingi, kama ya sehemu nyingi za Arusha, Meru na Hai, ina ngozi ya juu ngumu inayoikataa asidi, na chini yake ina tabaka lenye vinyweleo lililo dhaifu. Gundi haishiki, braketi zinadondoka moja baada ya nyingine. Vinundu vya alaina vinagandishwa kwa njia ileile, kwa hiyo kukimbilia plastiki hakukuokoi.

Dawa zipo: kukwangua ngozi ya juu kidogo kwa kupuliza unga laini wa alumina, kuiacha asidi dakika moja au zaidi, kutumia gundi ya msingi inayoongeza mshiko. Daktari aliyezoea wagonjwa wa kaskazini mwa Tanzania, au wa Nakuru upande wa Kenya, anajua haya bila kuambiwa. Wewe mwoneshe meno yako kwenye mwanga wa dirisha, mwambie ulikokulia, na usikilize kama anabadilisha utaratibu au anasema tu "hamna shida".

Hapa ndipo linapokuja suala la wateja wako benki. Njia ya kawaida ya kupunguza kuonekana ni braketi za kauri kwenye meno ya juu ya mbele na za chuma chini. Kauri haiwekwi chini ovyo, kwa kuwa ni ngumu kuliko enameli, na meno ya juu yakiisugua yanalika. Lakini kauri ina tabia moja: siku ya kutolewa haipindi kama chuma, inashikilia kisha inaachia kwa mshtuko, na jino lenye enameli dhaifu linaweza kutoka na kipande. Kama madoa yako ni rangi tu na uso wa jino ni laini ukipitisha ukucha, kauri inawezekana. Kama kuna vishimo au enameli inamenyeka, kubali chuma. Braketi za chuma za sasa ni ndogo, na Arusha mtu mzima mwenye bresi si kioja tena.

Ukichagua kauri, usichukue raba za kushikia waya zisizo na rangi. Binzari ya manjano ya kwenye mchuzi inazigeuza njano kwa siku mbili. Chukua za kijivu au rangi ya lulu.

Ipo pia njia ya kuchanganya: bresi mpaka mapengo yazibe na mizizi isimame, kama miezi 16 hadi 18, kisha trei za kumalizia. Kwa anayeona aibu ya nyaya ni njia nzuri, mradi bei ya sehemu zote mbili iandikwe mwanzoni.

Chai ya saa nne

Tuseme umeamua utokezaji haukusumbui na unataka alaina. Pima kwanza siku yako. Trei zinatakiwa ziwe mdomoni saa 20 hadi 22 kati ya 24, na zinavuliwa kwa kila kitu isipokuwa maji baridi ya kunywa. Chai ya asubuhi, chai ya saa nne, chakula cha mchana, chai ya jioni, chakula cha usiku: mara tano, kila moja dakika 25 pamoja na kupiga mswaki, umeshavuka saa mbili, na bado hujaenda kwenye kikao cha harusi. Kunywa chai ya sukari trei ikiwa mdomoni ni kosa baya kuliko kuivua, kwa sababu sukari inafungiwa kwenye jino na mate hayafiki kuiosha. Chai ya moto pia inaikunja plastiki.

Dalili kwamba meno hayafuati trei ni uwazi unaoonekana kati ya ncha ya jino na plastiki, hasa kwenye meno madogo ya pembeni ya mbele. Usisonge kwenye trei inayofuata ukiwa na uwazi huo. Baki kwenye hiyo uliyonayo siku kadhaa zaidi, uma kijiti cha silikoni dakika chache mara mbili au tatu kwa siku ili ikae, na mjulishe daktari. Trei iliyotangulia usiitupe kamwe. Mpya ikipotea au kupasuka, ya zamani inayashikilia meno mpaka upate maelekezo. Nyingi hupotea mgahawani zikiwa zimeviringishwa kwenye tishu, mhudumu anazoa pamoja na sahani. Kama zinatengenezwa nje ya nchi, uliza mbadala huchukua wiki ngapi kufika.

Kwa wanaofunga Ramadhani, mchana trei zinakaa bila usumbufu, lakini kati ya futari na daku watu wengi hula kidogokidogo usiku kucha na saa zinapotea hapo. Panga milo miwili iliyokamilika badala ya kudonoa.

Bresi hazihitaji nidhamu ya saa. Zinahitaji nidhamu ya mswaki na ya kutafuna. Kashata, miwa, mahindi ya kuchoma, kokwa za ubuyu, mifupa na barafu vinang'oa braketi. Tofaa, karoti na embe bichi vikatwe vipande vidogo vitafunwe kwa magego. Kila braketi inayong'oka inaweza kukurudisha kwenye waya mwembamba na kula mwezi mzima. Alama nyeupe za mwanzo wa kuoza huweza kujitokeza kuzunguka braketi ndani ya wiki nne hivi kama utando haubanduliwi, na kwako zitachanganyika na madoa uliyonayo. Piga mswaki juu ya braketi, chini yake, kisha brashi ndogo ya katikati ya meno ipite chini ya waya. Dawa ya meno iwe na floridi, takribani sehemu 1,450 kwa milioni (ppm). Wengi wa kanda yenu wanaiogopa kwa sababu ya madoa, lakini madoa hayo hutengenezwa utotoni jino linapokua ndani ya mfupa. Kwa mtu mzima floridi ya kwenye mswaki haiyaongezi.

Maumivu ya siku mbili tatu baada ya kila kukaza ni ya kawaida, panadoli inatosha. Usizoee ibuprofeni kila siku, kwa sababu inapunguza kemikali zilezile za mwili zinazoendesha kusogea kwa jino. Ncha ya waya ikichoma shavu, kausha mahali hapo, bandika nta ya bresi, nenda kliniki waikate.

Mkataba kabla ya malipo

Jina la daktari litafute kwenye daftari la Baraza la Madaktari Tanganyika, na uangalie kama amesajiliwa kama bingwa wa kupanga meno au kama daktari wa meno wa kawaida. Wa kawaida aliyejifunza anaweza kufanya kazi ndogo vizuri. Kazi ya kung'oa manne na kuweka skrubu mpe bingwa. Kama bingwa huyo anatoka Dar es Salaam na kuja Arusha mara moja kwa mwezi, uliza nani anarudishia braketi ikidondoka siku ya pili baada ya yeye kuondoka. Bei iandikwe ikitaja eksirei, kung'oa, skrubu, braketi za kurudishia, trei za nyongeza kama ni alaina, na ritena. Faili na picha zako ziwe haki yako ukihama. Kampuni ya Marekani ya SmileDirectClub, iliyokuwa ikituma trei kwa posta bila mgonjwa kukutana na daktari, ilifunga milango Desemba 2023 na kuwaacha watu katikati ya matibabu. Trei za silikoni za saizi moja zinazouzwa mitandaoni usizifikirie hata kidogo.

Ritena ndiyo gharama inayosahaulika. Baada ya mapengo ya kung'oa, meno yana hamu ya kurudi. Kwa kawaida unagandishiwa waya mwembamba nyuma ya meno ya chini kutoka chonge hadi chonge, na trei ya juu unaivaa usiku na mchana miezi kadhaa ya mwanzo, kisha usiku tu kwa muda wote unaotaka meno yabaki yalivyo. Plastiki yake inachakaa na kupasuka, kwa hiyo itahitaji kubadilishwa kila baada ya muda.

Madoa hayaguswi na bresi wala alaina, na usiyasafishe kabla, maana dawa ya kung'arisha ikitumika karibuni inadhoofisha mshiko wa gundi. Subiri bresi zitoke, gundi isuguliwe, fizi zitulie miezi michache. Doa la kahawia la juu juu huondoka kwa kusuguliwa na asidi nyepesi iliyochanganywa na unga laini, kazi ya kikao kimoja au viwili, kisha dawa ya kung'arisha husawazisha rangi iliyobaki. Yenye vishimo huzibwa kwa komposi. Vinia za meno, yale maganda ya kauri ya kufunika, zinahitaji kukwangua enameli isiyorudi. Mwambie daktari azitaje mwisho kabisa.